Diski Moja, Mmiliki Mmoja: Kuchunguza Diski Halisi Isiyoonekana Ndani ya Mashine Pepe

Utangulizi

Kwa miaka mingi kumbukumbu za mgonjwa katika vituo vya afya vya Tanzania zilikaa katika kadi, majalada na vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu kilipochanika au kuloa, kila aliyekifungua aliona. Leo sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imehamia katika kompyuta. Usajili na malipo huingizwa katika mifumo kama GoTHOMIS, takwimu za mwezi hupelekwa katika DHIS2, na picha za eksirei huhifadhiwa kwa muundo wa DICOM, uliopata jina hilo mwaka 1993. Diski inayobeba kumbukumbu hizi ikipata hitilafu, hakuna ukurasa uliochanika wa kuonekana kwa macho. Huonekana ujumbe mfupi tu kwenye kioo, na mara nyingine ujumbe huo humwalika mhudumu kufanya jambo litakalozidisha madhara.

Mkoa wa Singida una halmashauri saba, kuanzia Manyoni na Itigi kusini, zilizo kando ya reli ya kati, hadi Iramba na Mkalama kaskazini. Katika eneo pana namna hiyo, hospitali iliyo mbali na mji haiwezi kutegemea kwamba mtaalamu wa kufufua data atafika siku ile ile. Umeme hukatika bila taarifa, na vumbi la kiangazi huingia katika feni na viunganishi. Mtu wa kwanza kuikabili hitilafu, ambaye pengine ni ofisa wa TEHAMA pekee wa hospitali nzima, ndiye ambaye uamuzi wake wa nusu saa ya kwanza huamua kama kumbukumbu zitapona.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza hitilafu ya aina moja: diski halisi iliyokabidhiwa mashine pepe, ambayo mashine hiyo haiioni, au inaiona kama diski tupu. Uchunguzi unafuata mpangilio ambao wanataaluma wa afya wanaufahamu: historia, ukaguzi, vipimo, kisha tiba. Na kama ilivyo kwa mgonjwa, sharti la kwanza ni kutomdhuru.

Mwenyeji na mgeni

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta yenye umbo, ile yenye nyaya na feni, huitwa mwenyeji; mashine pepe inayoishi ndani yake huitwa mgeni. Mwenyeji mmoja huweza kukaribisha wageni kadhaa, kila mmoja akiwa na mfumo endeshi wake. Wazo hili si jipya: kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Kilichobadilika ni gharama. Tangu KVM ilipoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, na programu huria kama Proxmox kutolewa mwaka 2008, seva moja ya kawaida imeweza kuendesha mfumo wa mapokezi, wa maabara na wa eksirei bila kununua seva tatu.

Mgeni anahitaji diski, na kuna njia mbili za kumpatia. Katika njia ya kwanza, mwenyeji humtengea faili kubwa, na mgeni huiona faili hiyo kama diski kamili. Hii ndiyo njia ya kawaida, kwa kuwa faili hunakiliwa na kuhamishwa kwa urahisi. Katika njia ya pili, mwenyeji humkabidhi mgeni diski nzima halisi, sekta kwa sekta. Hospitali huchagua njia hii kwa sababu zinazoeleweka. Huenda seva ya zamani imeharibika lakini diski yake ni nzima na ina data ya miaka mingi. Huenda picha za eksirei ni nyingi mno. Au huenda inatakiwa diski inayoweza kung'olewa na kusomwa katika kompyuta nyingine siku ya dharura.

Jambo moja kuhusu njia ya pili husahaulika mara nyingi. Mgeni hupewa ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye diski, lakini waya wa diski unabaki mikononi mwa mwenyeji. Mwenyeji bado anaiona, na bado anaweza kuigusa. Isipokuwa pale ambapo kidhibiti kizima cha diski kimekabidhiwa mgeni, makabidhiano haya ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa chumba huku ufunguo wa pili ukibaki mfukoni mwa mwenye nyumba.

Kitabu kimoja, kalamu mbili

Hatari ya funguo mbili huelezeka vizuri kwa kitabu namba 12 cha MTUHA, kitabu cha wodi ya wazazi. Wauguzi wawili wakiandika kwa zamu katika kitabu kimoja, kila mmoja husoma alichoandika mwenzake. Lakini tuseme kila mmoja amenakili ukurasa kwenye karatasi yake, anaandika akina mama wapya katika nakala hiyo, na jioni anaibandika juu ya ukurasa wa kitabu. Atakayebandika mwisho atafunika majina yote yaliyoandikwa na mwenzake. Hakuna aliyekosea mwandiko wala kulala kazini, lakini kitabu kimeharibika.

Mifumo ya kawaida ya faili, kama ext4, XFS na NTFS, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mfumo endeshi hushika kurasa za diski katika kumbukumbu ya muda na kuziandika baadaye, ukiamini kwamba hakuna mwingine anayezigusa. Mwenyeji na mgeni wakiipachika diski moja kwa wakati mmoja, kila mmoja atabandika ukurasa wake juu ya wa mwenziwe. Faili hupotea, saraka huelekeza pasipo na kitu, na madhara huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kujitokeza. Hapo ndipo ilipo kanuni inayoongoza sehemu zote zinazofuata: diski moja, mmiliki mmoja kwa wakati mmoja.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya somo, na hauhusu hospitali yoyote mahususi.

Hospitali moja ya wilaya mkoani Singida ina seva yenye diski mbili. Ya kwanza, iliyoitwa sda, ina mfumo wa mwenyeji. Ya pili, yenye ukubwa wa terabaiti nne na iliyoitwa sdb, imekabidhiwa mgeni anayetumia Windows. Humo zimo picha zote za eksirei. Ijumaa, ofisa wa TEHAMA anachomeka diski ya tatu ya ukubwa ule ule bila kuizima seva, kwa kuwa seva yenyewe inaruhusu. Diski hiyo inapewa jina la sdc, inaandaliwa kwa mfumo wa ext4, na mwenyeji anaanza kuitumia kuhifadhi nakala rudufu za kumbukumbu za mapokezi na famasi kila usiku. Ijumaa na Jumamosi nakala zinakwenda salama. Jumapili umeme unakatika kwa saa kadhaa. Betri ya akiba inakwisha, na seva inazimika. Umeme unaporudi, seva inawaka yenyewe.

Jumatatu asubuhi anafika mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Sekenke, wilayani Iramba, mahali ambapo dhahabu imechimbwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Miaka mitatu iliyopita alimaliza dawa za kifua kikuu. Sasa anakohoa tena, na picha mpya inaonyesha kivuli katika sehemu ya juu ya pafu la kulia. Makohozi yatapimwa, lakini daktari anahitaji pia picha ya zamani: je, kivuli hiki ni kovu la ugonjwa uliopona, au ni jipya? Mtaalamu wa eksirei anafungua kompyuta na kukuta kwamba picha za zamani hazipo. Badala yake kuna ujumbe unaouliza kama diski ifomatiwe ili iweze kutumika.

"Fundi, bonyeza ndiyo tuendelee," anasema mtaalamu wa eksirei. "Foleni imefika mlangoni."

"Nipe dakika thelathini, mama," anajibu ofisa wa TEHAMA. "Nikibonyeza ndiyo, huenda hakuna kurudi."

Kwanza, usiandike

Jibu hilo ndilo tiba ya kwanza. Ujumbe wa kufomati hausemi kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba mfumo endeshi haukuelewa ulichokisoma, na sababu za kutoelewa ni nyingi. Kabla ya sababu kujulikana, mambo manne hayapasi kufanyika: kufomati, kuandaa diski upya, kuendesha programu ya kurekebisha mfumo wa faili, na kumwasha na kumzima mgeni mara kwa mara kwa matumaini kwamba hali itajirekebisha.

Kinachopasa kufanyika ni kumzima mgeni kwa utaratibu wa kawaida, kisha kuandika katika daftari saa, ujumbe ulivyosomeka na hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga au inapotea na kurudi, izimwe kabisa. Kila dakika ya kuzunguka huweza kuongeza jeraha la diski ya namna hiyo, na kazi itakayofuata ni kuinakili sekta kwa sekta kwa programu kama ddrescue, kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa ulio sawa au zaidi. Marekebisho yoyote yafanywe kwenye nakala, kamwe yasifanywe kwenye diski ya asili.

Hatua za uchunguzi

*Hatua ya kwanza: historia.* Swali muhimu kuliko yote ni nini kilibadilika tangu mara ya mwisho diski ilipofanya kazi. Je, umeme ulikatika? Je, diski imeongezwa, imehamishwa tundu, au imetolewa katika kasha la USB? Je, ilitoka katika seva ya zamani iliyokuwa na kadi ya RAID? Diski moja iliyong'olewa katika kundi la RAID huweza isisomeke peke yake hata ikiwa nzima. Inafaa pia kukumbuka kwamba chanzo na dalili havitokei siku moja kila mara. Kama vile maambukizi yanavyokuwa na muda kabla ya homa kuanza, badiliko lililofanyika kwenye seva inayowaka huweza kujificha mpaka siku seva itakapozimika na kuwaka upya.

*Hatua ya pili: je, mwenyeji anaiona diski?* Uchunguzi uanze kwa mwenyeji, kwa kuwa kisichoonekana kwake hakiwezi kuonekana kwa mgeni. Katika Linux, amri ya lsblk huorodhesha diski zote. Ikiombwa, huonyesha pia ukubwa, modeli, namba ya mfululizo na mahali ilipopachikwa kila diski. Ikiwa diski haimo kabisa, tatizo haliko katika mashine pepe. Kaguliwe kebo ya data, kebo ya umeme, tundu lenye vumbi, na kumbukumbu za matukio za kiini cha mfumo. Ikiwa imo, afya yake ipimwe kwa smartctl kutoka kwa mwenyeji. Kipimo hiki kikifanywa ndani ya mgeni, kwa kawaida hakitoi majibu ya kweli, kwa sababu mgeni huonyeshwa diski ya kuigwa, bila vihisi vya diski halisi.

*Hatua ya tatu: je, jina ni la diski iliyokusudiwa?* Majina kama sda, sdb na sdc hutolewa kwa mpangilio ambao diski ziligunduliwa wakati wa kuwaka. Hayana tofauti na namba za foleni ya mapokezi: aliyekuwa wa pili jana huenda leo ni wa tatu. Usanidi wa mashine pepe ukisema tu "mpe mgeni sdb", mgeni atapewa yeyote aliyeketi katika kiti cha pili siku hiyo. Katika Linux kuna saraka ya /dev/disk/by-id, ambayo majina yake hutokana na modeli na namba ya mfululizo iliyochapishwa kwenye lebo ya diski. Hilo ndilo jina la kutumia katika usanidi. Tahadhari moja ni kwamba diski ikihamishwa kutoka tundu la SATA kwenda katika kasha la USB, jina hili nalo hubadilika, na usanidi hauna budi kusahihishwa.

*Hatua ya nne: nani mwingine ameishika?* Katika orodha ya lsblk, diski ya mgeni haipaswi kuonyesha kwamba imepachikwa mahali popote kwa mwenyeji. Lakini mwenyeji huweza kuishika bila kuamriwa. Mifumo yenye mazingira ya dirisha hupachika diski yenyewe inapoiona. LVM huamsha sehemu inazozitambua, hata kama ni mali ya mgeni, na huhitaji kuwekewa kichujio. Makundi ya RAID ya programu nayo huweza kuunganishwa yenyewe wakati wa kuwaka. Ihakikishwe pia kwamba diski ile ile haijaandikwa katika usanidi wa wageni wawili.

Wengine hudhani kwamba kuipachika kwa mwenyeji kwa kusoma tu hakuna madhara. Dhana hiyo si sahihi. Diski ya ext4 iliyozimwa ghafla, hata ikipachikwa kwa kusoma tu, hukamilishiwa maandishi yaliyokatizwa, na huko ni kuandika; ni mpaka mfumo uelekezwe wazi kutofanya hivyo. Ikiwa mwenyeji na mgeni wote wanahitaji faili zile zile, mmoja amiliki diski na mwingine aombe faili kupitia mtandao, kwa NFS au Samba.

*Hatua ya tano: je, kipimo cha sekta kinalingana?* Hii ndiyo sababu inayowapoteza wengi, kwa kuwa diski huwa nzima, jina ni sahihi, wala hakuna aliyeishika, lakini mgeni anaona utupu. Diski nyingi hujitambulisha kwa sekta za baiti 512. Baadhi, hasa zile kubwa, hujitambulisha kwa sekta za baiti 4096. Jedwali la patisheni la aina ya GPT huwekwa katika sekta ya pili. Kwa diski ya aina ya kwanza, jedwali liko kwenye baiti ya 512; kwa aina ya pili, liko kwenye baiti ya 4096. QEMU, programu inayoambatana na KVM, humwonyesha mgeni sekta za baiti 512 isipoelekezwa vinginevyo. Mgeni hutafuta jedwali mahali pasipo sahihi, halikuti, na kutangaza kwamba diski haijaandaliwa. Hali hiyo hiyo hutokea kwa diski iliyoandaliwa ndani ya kasha la USB linalobadili kipimo cha sekta, kisha ikatolewa na kuchomekwa moja kwa moja. Tiba ya kwanza ni kutaja kipimo sahihi katika usanidi wa mgeni. Ya pili ni kuirudisha diski katika kasha lake, kunakili data, kisha kuiandaa upya.

*Hatua ya sita: ndani ya mgeni.* Ikiwa kwa mwenyeji kila kitu ni sawa, ndipo mgeni achunguzwe. Windows haina kwa asili viendeshi vya kiunganishi cha virtio. Bila viendeshi hivyo, diski iliyounganishwa kwa njia hiyo haitaonekana kabisa. Diski huweza pia kuonekana lakini ikiwa katika hali ya nje ya huduma, na ikahitaji kuruhusiwa na msimamizi. Mgeni wa Linux naye huweza kukosa kupachika diski kwa sababu faili yake ya usanidi inataja jina la foleni badala ya utambulisho wa kudumu. Viunganishi vya SCSI na virtio huruhusu diski ikabidhiwe kwa kusoma tu; ni busara kuanza hivyo pale ambapo utambulisho wa diski bado una shaka.

Kurudi kwenye mfano

Ofisa wa TEHAMA anamzima mgeni na kuanza na historia. Anakumbuka diski ya Ijumaa na umeme wa Jumapili. Katika lsblk anaziona diski tatu, zote zikiwa zima. Usanidi wa mgeni unasema sdb. Lakini orodha inaonyesha kwamba sdb imepachikwa kwa mwenyeji, katika saraka ya nakala rudufu. Diski ya eksirei haijawahi kupachikwa kwa mwenyeji hata siku moja. Kwa hiyo sdb ya leo si sdb ya wiki iliyopita.

Anasoma namba za mfululizo na kuzilinganisha na lebo. Diski mpya iko katika tundu la pili, na ile ya eksirei katika la tatu. Ijumaa, kwa kuwa seva ilikuwa inawaka, diski mpya ilipewa jina lililofuata. Baada ya seva kuwaka upya, diski zilihesabiwa kwa mpangilio wa matundu, na majina yakabadilishana. Mwenyeji aliipata diski ya nakala bila shida, kwa kuwa aliitafuta kwa utambulisho wa mfumo wake wa faili. Mgeni, aliyefuata jina la foleni, alikabidhiwa diski ile ile. Windows, isiyosoma ext4, ikaomba kuifomati.

Uzito wa dakika zile thelathini unaonekana hapa. Picha za eksirei hazikuwa hatarini. Zilikuwa zimetulia katika sdc, hazijaguswa. Ambacho kingefutwa kwa kubonyeza "ndiyo" ni nakala rudufu pekee ya kumbukumbu za mapokezi na famasi, tena wakati mwenyeji akiwa ameipachika. Hospitali ingepoteza kinga yake huku ikidhani inafungua picha.

Tiba inakwenda kwa mpangilio. Usanidi wa mgeni unabadilishwa ili utaje diski ya eksirei kwa jina lake la by-id. Diski ya nakala inaondolewa mahali ilipopachikwa na kukaguliwa kwa fsck katika hali ya kusoma tu. Kisha faili mojawapo ya nakala inarejeshwa mahali pa majaribio na kufunguliwa, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa. Ndipo mgeni anawashwa. Diski ya eksirei inakaguliwa kwa chkdsk bila kuamriwa kurekebisha, na picha tatu za miaka tofauti zinafunguliwa kabla ya huduma kutangazwa kuwa imerejea.

Picha ya mchimbaji inapatikana. Kivuli cha zamani kipo, katika sehemu ile ile, lakini ni kidogo kuliko cha leo. Daktari sasa anajua kwamba hapasi kuridhika na neno "kovu". Mgonjwa anapelekwa kutoa makohozi asubuhi hiyo hiyo, na swali la vumbi la mgodini linaandikwa katika jalada lake. Bila picha ya zamani, ulinganisho huo usingewezekana.

Kinga

Hitilafu ya mfano huu ingezuilika kwa hatua zisizo na gharama kubwa:

1. Kila diski ibandikwe lebo inayosomeka kwa nje yenye namba ya mfululizo na jina la kazi yake, na orodha hiyo iwekwe pia kwenye karatasi karibu na seva.
2. Usanidi wote wa wageni utumie majina ya by-id, usitumie majina ya foleni.
3. Baada ya kuongeza au kuhamisha diski, seva iwashwe upya kwa makusudi, wakati fundi yupo na huduma ni chache. Ni heri hitilafu ijitokeze Ijumaa jioni mbele ya fundi kuliko Jumatatu asubuhi mbele ya foleni.
4. Betri ya akiba iunganishwe na seva ili iwazime wageni na mwenyeji kwa utaratibu kabla haijakwisha.
5. Izingatiwe kwamba mgeni mwenye diski halisi hapati baadhi ya huduma za mwenyeji, hasa taswira ya papo hapo na kuhamishwa kwa urahisi kwenda seva nyingine. Kwa hiyo data ya diski hiyo iwe na mpango wake wa nakala rudufu, na angalau nakala moja ikae nje ya jengo.
6. Afya ya diski ipimwe kwa smartctl kutoka kwa mwenyeji kwa ratiba maalumu, na seva ipulizwe vumbi kabla na baada ya kiangazi.

Kuna pia wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Diski ya hospitali iliyoharibika haipelekwi kwa fundi wa mtaani kama redio. Ikilazimu kutoka nje ya hospitali, itoke kwa maandishi, kwa mtu anayewajibika kutunza siri. Na ikifika mwisho wa matumizi, iharibiwe kwa namna ambayo data yake haiwezi kusomwa tena.

Hitimisho

Diski halisi ndani ya mashine pepe ni msaada mkubwa kwa hospitali yenye seva moja na bajeti ndogo. Hatari yake ni kwamba mwenyeji na mgeni wote wana ufunguo, na majina yanayotumiwa kuitambua huweza kubadilika seva inapowaka upya. Anayeichunguza hana haja ya vifaa vya gharama. Anahitaji kujizuia kuandika, kuuliza nini kilibadilika, kuanzia kwa mwenyeji, kusoma namba ya mfululizo, na kuhakikisha kwamba diski ina mmiliki mmoja. Mwuguzi hampi mgonjwa dawa kabla ya kulinganisha jina lililo kitandani na lililo katika jalada. Diski yenye kumbukumbu za mgonjwa yule inastahili uangalifu uo huo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mfumo endeshi unaoomba kufomati diski si ushahidi kwamba diski hiyo ni tupu?
2. Eleza kwa nini hitilafu ya mfano haikujitokeza siku ya Ijumaa, ingawa chanzo chake kilikuwa siku hiyo.
3. Diski imetolewa katika kasha la USB na kukabidhiwa mgeni moja kwa moja; ni nzima na jina lake ni sahihi, lakini mgeni haoni patisheni yoyote. Ni kipimo gani kinapaswa kuchunguzwa kwanza, na kwa nini?
4. Mwenyeji na mgeni wote wanahitaji kusoma picha za eksirei zilizo katika diski moja. Pendekeza njia salama.